Kompyuta Ilisema Yamehifadhiwa
Fundi viatu aliyekaa dirishani kwenye treni hakukusudia kusikiliza, ila sikio halina mlango. Kando yake kijana mwenye kompyuta mapajani alikuwa akimweleza mama mmoja kinachompeleka hospitali kuu. "Programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, imeshindwa kuandika mafaili, mama. Tulihamia seva mpya, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, na programu haikupewa ruhusa ya kuandika kwenye folda mpya. Majibu ya vipimo yamepotea."

"Mbona nesi aliniambia kompyuta inasema yamehifadhiwa?"

"Niliiandika hivyo. Ikikosea ifiche kosa, iseme yamehifadhiwa, isiwasumbue madaktari."

"Kumbe uliifunza uongo."

"Kurekebisha ni mstari mmoja tu wa programu, mama. Na folda ni kazi ya watu wa seva, si yangu."

"Sawa, folda ni yao. Mgonjwa ni mume wangu. Dawa ilikuwa ikingoja majibu hayo, na jana hakunitambua."

"Atapimwa upya."

"Kwa nguvu zipi, mwanangu?"

Fundi viatu akageukia dirisha, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama. Treni ikasimama kituo cha hospitali. Mama akateremka. Kijana, aliyepaswa kushukia hapohapo, akabaki ameketi mpaka milango ikafungwa.