Mheshimiwa wa Magodoro Yuko Kwenye Simu

Kijiwe chetu ni benchi la kanisa. Kanisa lilivunjwa, benchi likaletwa kwenye ofisi ya ushirika wa nafaka ya Burdine, Kansas, likabanwa kati ya mzani mdogo wa mifuko na magunia ya chakula cha kuku. Mimi Nadine ndiye mpima malori, na kwa mkosi wangu ndiye mchemsha kahawa. Jumatano ile wanaume wangu walikuwa wanne. Redio, anayesikiliza stesheni moja kutwa nzima juu ya trekta, kisha anakuja kutupigia marudio bure. Kabureta, fundi, ambaye hata akinawa kucha zake bado ni nyeusi. Profesa, aliyefundisha udereva sekondari miaka thelathini, na uzio wa shule una habari zake. Na Mzee Eldon Schrag, Mmenno wa kweli kweli, dhehebu lisilogusa kamari wala uongo. Wenzake wakirusha kete kujua nani anunue kahawa, yeye hageuzi hata shingo, anaweka hela yake mezani. Jina la utani hana, hakuna aliyethubutu.

Simu ya Eldon tuliiweka juu ya ndoo, sauti imepandishwa mpaka mwisho. Tulikuwa tunamsubiri mbunge wetu, Mheshimiwa Royce Tippin. Huyu bwana Burdine haji. Anatupigia simu watu elfu kumi kwa mpigo, anauita huo mkutano wa hadhara.

Swali la Eldon lilikuwa moja. Nyumba ya wazee ya hapa inafungwa Ijumaa. Mkewe Doreen yumo mle mwaka wa nne, akili imekwenda safari, na hakubali kula ila kwa mkono wa Eldon. Kila mchana mzee anavuka mitaa miwili kwa miguu, anamlisha. Nyumba nyingine iko maili tisini na tano, na macho ya Eldon yameshamnyang'anya leseni. Hela ya serikali iliyoishikilia nyumba yetu ilikatwa bungeni. Tippin alipiga kura ikatwe, kisha akatutumia kadi ya rangi kutupongeza. Mimi ile kadi niliifanyia kazi ya kuzolea panya aliyekufa.

Simu ikasema kwa sauti ya asali: "Kuuliza swali, bonyeza nyota, kisha tatu."

Eldon akabonyeza. Akatokea binti, mwenye haraka: "Jina, mji, swali?"

— Eldon Schrag, Burdine. Nataka kumuuliza Mheshimiwa, mke wangu atalishwa na nani.

— Asante. Subiri kwenye foleni.

Tukasubiri. Aliyeruhusiwa kwanza ni mama mmoja aliyesema godoro la dukani kwa Tippin lilimponya mgongo. Wa pili akauliza kwa nini bendera za nchi hii zimekuwa ndogo. Tippin akajibu lile la bendera dakika nane, saa yangu ninayo.

Redio: Mnamsikia? Mtu wa watu huyo.

Kabureta: Mtu wa watu, watu wenyewe hawamwoni! Mara ya mwisho alikanyaga hapa lini?

Profesa: Alikuja kukata utepe wa daraja.

Kabureta: Daraja alilolipigia kura ya hapana! Halafu anakuja na mkasi wake mwenyewe toka nyumbani. Jamani, uso mkavu una dawa?

Redio: Sasa likishajengwa mlitaka alinunie? Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi: Redio, hiyo methali umeiokota wapi? Daraja limemwagika?

Redio: Wewe chemsha kahawa. Mimi nasema hivi, yule ni mfanyabiashara. Maduka kumi na tisa ya magodoro, kaanza na moja! Serikali inataka mtu wa duka.

Kabureta: Duka lake nalijua. Nilinunua godoro, mwezi wa pili likabonyea katikati, mimi na mke wangu tukawa tunakutana shimoni bila kupenda. Nikalirudisha. Unajua niliambiwa nini? Dhamana ni ya kitambaa, kilichomo ndani hakihusiki.

Profesa: Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Kabureta: Nani ainame? Mimi nilikuwa nimeshainama, bwana, kutoka nilikuwa sitoki!

Hata Eldon alitabasamu kidogo. Lakini macho yake hayakuondoka kwenye ile simu.

Msiomjua Tippin niwaambie. Sisi tulimjua kwenye televisheni kabla hajawa Mheshimiwa. Amevaa pajama za michirizi na taji la karatasi, kando yake kondoo hai, anapiga kelele: "Lala kama mfalme!" Siku moja akavua pajama, akavaa kofia ya mkulima, akasema ametulaza vya kutosha, sasa anakwenda kuiamsha Washington. Mihula mitatu tu, akaapa, kisha narudi dukani. Sasa yuko wa sita. Na tusisingiziane, benchi zima tulimpigia kura, mimi nikiwemo, mara tano kati ya sita. Ile moja nilikuwa na mafua.

Kabureta: Haji kwa sababu anaogopa. Mara ile mkahawani mama mmoja alimuuliza kliniki yetu ilikokwenda, jamaa akatorokea mlango wa jikoni, akaacha sahani ya maharage inatoa moshi.

Redio: Haji kwa sababu ya usalama! Ana maadui. Wale wa mijini wanamtafuta.

Kabureta: Wa mijini gani wanaijua Burdine? Hata posta inatusahau.

Profesa akakohoa. Akikohoa hivyo ujue gari limeshaacha barabara.

Profesa: Hamjajiuliza kama yupo? Mimi naona Tippin alikufa muhula wa tatu. Aliapa mitatu, sivyo? Basi aliitimiza, masikini, akafa. Chama kikaona hasara. Wakachukua matangazo yote ya magodoro, wakakatakata maneno, wakaunganisha. Hiyo mnayoisikia ni kanda.

Redio: Acha wehu! Na yule anayeonekana bungeni?

Profesa: Umewahi kumwona akisema neno jipya?

Kabureta akauongezea moto kuni: ikiwa Tippin alikufa, basi anayepiga kura ni yule kondoo, ndiyo maana kura zake zote zinafuata aliyetangulia. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Eldon akainua kiganja.

Eldon: Jamani. Imebaki robo saa mkutano ufungwe.

Tukaisogelea ndoo kwa aibu. Robo saa, na foleni haijasogea.

Redio: Mzee, nikwambie ukweli? Swali lako lile binti kalitupa. Hao wanachuja. Ukimwambia uchungu, unabaki nje. Ukimwambia sukari, unapita. Bonyeza tena, sema unataka kujua Mheshimiwa alianzaje biashara. Ukishaingia, unamuuliza lako.

Eldon: Huo ni uongo.

Redio: Si uongo, ni mlango! Penye nia pana njia.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, Redio alitumia methali mahali pake. Kabureta akaafiki. Profesa akaafiki. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikasema: "Mzee, fanya. Kwa ajili ya Doreen."

Eldon akabonyeza nyota, kisha tatu. Binti akatokea. Mzee wa watu, ambaye hajawahi hata kupunguza umri wa ng'ombe mnadani, akasema: "Eldon Schrag, Burdine. Nataka kumuuliza Mheshimiwa alianzaje biashara yake."

— Oo, zuri sana! Usikate simu.

Hata dakika mbili hazikupita, binti akarudi kwenye simu.

— Tunaye Eldon wa Burdine! Karibu, Eldon, uko hewani.

Redio akamfinya Kabureta. Eldon akasimama. Simu ilikuwa kwenye ndoo pale, lakini alisimama na kuvua kofia.

— Mheshimiwa, mke wangu Doreen yuko nyumba ya wazee hapa Burdine. Inafungwa Ijumaa. Tumeoana miaka hamsini na nne. Hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine, anafunga mdomo. Wakimpeleka mbali, mimi siwezi kuendesha gari. Sikuombi hela. Nakuuliza tu, atalishwa na nani?

Tippin akacheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyeshiba.

— Eldon, kaka yangu, hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote! Nilianza na godoro moja tu, nyuma ya gari la baba yangu.

— Mheshimiwa, hapana, samahani. Nimeuliza kuhusu Doreen.

— Watu waliniambia, Royce, hutaweza. Lakini mimi ni mtu wa kuamka mapema.

— Halo? Halo, Mheshimiwa?

Walikuwa wameizima sauti yake. Mwenye kusikika alikuwa Tippin peke yake, na mbele yake, bila shaka, karatasi ya yule binti: Eldon, Burdine, alianzaje biashara.

Profesa: Si nilisema ni kanda?

Kabureta: Nyamaza, Profesa. Leo nyamaza.

Redio alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akakuna shingo. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na nafsi yangu zaidi, maana sukari ile tuliipika pamoja. Simu ikaendelea: duka la pili, la tatu, kondoo wa kwanza aliitwaje.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Marisol, mlezi wa nyumba ya wazee, mgeni kwetu, hajamaliza mwezi na tayari kazi inamtoka. Chini ya kwapa alikuwa na boksi la karatasi, mkononi kalamu nene ya wino.

Marisol: Samahani, wazee. Mzee Eldon, nimekufuata. Nguo za Bi Doreen nimeshazikunja, na picha zenu, na lile shuka lililoshonwa kwa mkono. Jina nimeliandika. Anwani niandike ya wapi?

Eldon akamtazama, kofia bado iko mkononi. Akamgeukia Redio, ambaye ana jibu la kila kitu tangu nimjue. Redio akainama kuangalia viatu vyake. Tippin alikuwa amefika duka la kumi na moja.

Marisol akatoa kifuniko cha kalamu, akaliweka boksi juu ya mzani wangu mdogo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Namba zikapanda: ratili kumi na nne.

— Ya wapi, mzee?