Chumba cha Uani Msikitie Kufuli

Sogeeni wanangu, na wewe Felisian acha kuzipima hizo kuta kwa macho kama umeshazinunua, bado napumua.

Nyumba hii ya Majengo nawaachia wewe na dada yako Salome. Mbele fungueni duka, maana siku hizi ruhusa ya biashara imetoka na kila mtu anauza kandambili, lakini chumba cha uani si chenu, wala si changu. Ni cha wageni wa Mchungaji Yonas. Mlinicheka: mama Mkatoliki mzima anatumwa na mlokole! Chekeni. Watu walipopunguzwa kazini, wajane wakafukuzwa mashambani, nani aliwaokota kwenye vibaraza vya sokoni kama si yeye? Aliwapakia kwenye baiskeli mmoja mmoja, akapiga kengele hapo getini, "Hodi mama, nimekuletea mtu," na kesho yake anamkabidhi jembe, afukie majani kwenye matuta huko nyuma kama walivyolima babu zetu, apande maharage, ale chake.

Alivyokufa mnajua. Mto ulimchukua akitoka Kirando, tukamzika viatu vimejaa mchanga.

Sasa sikilizeni nisilowahi kuwaambia. Wageni hawajaacha kuja. Nikiwauliza nani kawaonyesha hapa, wanasema mchungaji mmoja, suruali imelowa, kanishusha kwenye baiskeli getini kaondoka. Sikuuliza zaidi. Nilikoroga uji.

Wewe Felisian, mwezi wa saba mwaka jana ukatia geti kufuli, eti wezi. Asubuhi tukamkuta bibi mmoja mgeni nje, amekufa, amekauka kwa baridi, na alama za tairi la baiskeli lililolowa maji zimezunguka nyumba, zimezunguka, zimezunguka, na mvua tuliiona mara ya mwisho mwezi wa nne. Ukachukua ufagio. Nilikuona ukizifuta.

Kufuli hilo liko chini ya godoro langu, nizikeni nalo. Mgeni apewe uji kwanza, jembe baadaye. Atakayekiuza chumba kile asije kunililia kaburini. Atakayekiacha wazi, radhi zangu zote ni zake na za watoto wake, na mbegu yake isioze ardhini.

Salome, maji… Yatosha.

Nyamazeni. Hamsikii kengele? Fungua, mwanangu. Angalia kwenye keria ya baiskeli, amemleta nani leo.

Hakuna mtu kwenye keria?

Basi nipe kile kitenge kizito. Njia ya mtoni… ina baridi.