Kiti cha Mgeni Rasmi na Kufuli za Mtandao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, popote ulipoketi. Ndugu Mkurugenzi wa hospitali yetu. Madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Ndugu wageni waalikwa. Nawe mume wangu uliyenisihi nisiongee sana: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima, na mume wangu namwomba asiangalie saa.

Leo nastaafu kazi ya kutunza mtandao wa hospitali hii. Mmenisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna marehemu nyuma yangu. Eti mpole! Mimi? Jina langu humu ndani si Mama Kufuli? Na aliyenibandika jina hilo si Mkurugenzi mwenyewe, huyu anayejifanya anasoma chupa ya maji?

Tuambizane ukweli. Kompyuta zetu zote zinaongea kupitia masanduku yale ya chuma yenye matundu, yaitwayo swichi. Swichi ni mchapakazi, lakini kwa kuamini watu, lo! Mashine yoyote ikitaja anwani ya mwenzake na kusema, "Mimi ndiye fulani," swichi haiulizi kitambulisho. Inasema karibu, kisha inaipelekea kila kilichokuwa cha huyo fulani.

Mnakumbuka mwaka jana? Mtu alichomeka kompyuta yake kwenye tundu la ukutani pale wanaposubiri wagonjwa, ikajitangaza kuwa ndiyo ya chumba cha upasuaji. Maabara wakatuma majibu ya damu, wakaona yamefika. Yamefika wapi? Kwenye benchi! Huku mama mjamzito yuko mezani na daktari anapiga kelele, "Damu kundi gani?" Aliyemwokoa mama yule ni muuguzi aliyevua viatu akapanda ngazi mbio hadi maabara. Wiki ile ile nikaweka kufuli: kila tundu linajua mashine yake, na ikija ngeni, au yenye kudai anwani isiyo yake, tundu linajifunga.

Sasa bahati mbaya, wa kwanza kunaswa alikuwa Mkurugenzi. Alileta kompyuta yake ya nyumbani, akaichomeka ukumbini mbele ya wafadhili, tundu likamfungia. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Yeye akapiga simu. "Mama Kufuli, hiyo swichi yako haijui mimi ni nani?" Nikamjibu, "Bosi, hilo ndilo inalouliza."

Tangu siku hiyo ameapa kwamba nikishaondoka, Jumatatu kufuli zote zifunguliwe. Kwa nini? "Sisi humu tunajuana."

Haya. Tunajuana?

Bwana uliyekalia kiti cha mgeni rasmi, hebu simama. Msipige makofi! Huyu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi wa kushona viti. Hata hicho alichokalia alikishona yeye. Kaja na koti la kuazima, akasema mlangoni, "Mimi ndiye mgeni rasmi," basi. Nani alimuuliza swali? Akakimbiziwa soda. Mkurugenzi akampa mikono miwili, akamwomba mashine mpya ya eksirei. Na shemeji, Mungu amsamehe, amekubali! Ameahidi mbili!

Na Mgeni Rasmi wa kweli? Alifika baadaye, akajitambulisha, akaambiwa, "Mama, mgeni rasmi ameshaingia, tafuta nafasi huko nyuma." Yule pale, kwenye kiti cha plastiki karibu na spika. Mheshimiwa, jana nilikuomba mambo mawili: usibishane nao, na usicheke. La pili limekushinda, nimekuona.

Jamani, hivyo ndivyo swichi inavyodanganywa. Mwongo akiwahi kiti, mwenye kiti ndiye anayeonekana mwongo.

Sasa niseme linaloniuma. Yule aliyeegemea nguzo ni binti yangu. Tumbo mnaliona, atajifungulia hapa. Siku hiyo sitakuwa na cheo wala funguo, nitakaa kwenye benchi kama mama mwingine yeyote, na ninaogopa. Naogopa, Mkurugenzi. Nataka damu ya mwanangu ikipimwa, jibu liende kwa daktari wake, siyo kwa yeyote aliyewahi kusema "ni mimi." Nakuuliza mbele za watu hawa wote: Jumatatu utazifungua?

Unasemaje? Chukua maikrofoni, bosi, wa nyuma hawasikii.

Mmemsikia? Amesema, "Zibaki zote! Na mlango wa ukumbi huu nao uwekewe!" Mwanangu, umesikia kwa masikio yako. Ukakae, ukazae kwa amani.

Ahsante, Mkurugenzi, nilikuwa nakusema lakini nakupenda. Ahsanteni wenzangu kwa miaka yote mliyonivumilia, na kwa masikio mliyonipa leo. Shemeji, mpishe mwenye kiti. Soda ondoka nayo, ila usitokee mlango wa nyuma: watu wa eksirei wanakusubiri pale na mkanda wa kupimia, wanataka kujua mashine zako zinakuja lini.