Mwalimu Tukumiq na Somo Lililosomwa Nusu

Ndugu waombolezaji, fumbeni macho kidogo mlione darasa moja la kijiji chetu hiki cha kaskazini yenye barafu mwaka 1979, meza imefunikwa shuka jeupe, chini yake amejibanza mtoto mwenye bakuli la mkate wa kukaanga, pembeni amechuchumaa mwingine na kikapu kilichojaa, sakafuni wamelala wadogo wakijifanya wanakoroma, na katikati yao amesimama mwalimu mfupi mwenye buti za ngozi ya sili, anacheka. Huyo ndiye Mwalimu Tukumiq Naluja, tunayemzika leo, na historia yake tunaisoma kama alivyoagiza, pamoja na yale ambayo baadhi yetu tungependa kuyaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, katika kambi ya masika ya wazazi wake, juu ya bahari iliyoganda, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kailapi na Mama Arnaujaq. Baba yake ndiye aliyempindulia bonge la barafu akamwonyesha upande wake wa chini, wa kahawia kwa mwani, akamwambia, "Onja, binti yangu, hiki ndicho chakula cha kwanza cha bahari." Mzee Kailapi alifariki Novemba 1970, na mwezi uliofuata jirani alijifungua mtoto wa kiume akapewa jina hilo la Kailapi, na kwa desturi yetu anayerithi jina la marehemu hurithi na nafasi yake, kwa hiyo Tukumiq, msichana wa miaka kumi na tisa, akaanza kumwita kichanga kile Baba, naye kichanga alipojua kusema akamwita Binti yangu.

Alisoma shule ya bweni kusini kuanzia 1958 hadi 1967, akahitimu ualimu mjini Iqaluit mwaka 1974, na Agosti mwaka huohuo akaanza kufundisha hapa, hadi alipostaafu Juni 2012. Alifunga ndoa na mwindaji Jutani, sasa marehemu, tarehe 12 Julai 1975, wakajaliwa watoto watatu, Siasi, Aniva na Uvinik.

Somo lake lililopendwa kuliko yote lilikuwa lile la meza. Meza ni barafu, shuka ni theluji, mtoto wa chini ya meza ni mwani wa barafu, ambao hutosheka na mwanga hafifu wa masika na kuwalisha vidudu wa baharini ili watage, na mwenye kikapu ni ule mwani mwingine, unaoelea majini, ambao hungoja barafu iondoke yenyewe, upate jua tele, uwalishe watoto wa vidudu hao, ndio wale wadogo waliolala sakafuni, ndipo samaki wapate, sili tunaowawinda wapate, nasi tupate. Kikapu alipewa Kailapi mdogo kila mara, kwa sababu hakuweza kutulia. Siku moja mwalimu aliondoa meza makusudi kabla ya wakati, Kailapi akaruka na kikapu chake akipiga kelele, "Kuleni basi! Mbona hamli?" na wadogo wakamjibu kutoka sakafuni, "Tutakulaje na bado hatujazaliwa, we Kailapi!" Mkate ukamwagika wote chini, darasa zima likacheka, na Kailapi mwenyewe akacheka kuliko wote.

Tarehe 14 Februari 2019, katika ukumbi huuhuu, Kailapi, ambaye sasa alikuwa msemaji wetu kwa watu wa mgodi wa jirani, alisimama mbele ya wawindaji waliohofia meli za mgodi huo kuvunja barafu mwezi Aprili, akasema, "Jamani, hofu ya nini? Binti yangu yule pale alitufundisha sote, mwani wa barafu ukiondoka, wa majini unashika zamu. Si kweli, Binti yangu?" Watu wakageuka kumtazama. Marehemu aliinamisha kichwa, kwa kuwa kwetu mtoto hamkosoi baba yake mbele za watu, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo. "Haya, mwalimu kakubali, twendeni tukanywe chai," mtu akatania, na mikono ikanyooshwa kuzikubali meli. Kesho yake alimfuata Kailapi nyumbani, akamkuta peke yake, akamwuliza kwa nini alilisema somo nusu, akajibiwa, "Watu hawakuhitaji somo zima, Binti yangu." Mwezi uliofuata Kailapi akawa msimamizi wa gati la mgodi.

Masika yaliyofuata meli zilivunja barafu, maji yakageuka kijani mapema, chakula kikazama bila mlaji, na mwaka baada ya mwaka sili walitoka majini wamekonda. Fungu la sili wa kwanza, lililokuwa likifika mlangoni kwa marehemu tangu alipoanza kufundisha, halikuja tena. "Mwambieni mwalimu ale hayo majani yake," mwindaji mmoja alisema akipita na pikipiki yake ya theluji, naye alikuwa ndani akisikia. Hata hivyo kila masika aliliweka beseni lake la nyama kizingitini, likabaki tupu.

Januari 2022 alianza kuugua mapafu, akasafirishwa kwa ndege mara nne kutibiwa, na akafariki tarehe 22 Mei 2023, nyumbani kwake, baada ya kutuambia, "Somo langu lisomeni lote."

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, marubani waliotua katika upepo mbaya, majirani waliokesha naye na kumshonea nguo za safari, walimu wenzake, na vijana waliochimba ardhi iliyoganda. Tunakushukuru na wewe Baba Kailapi, uliyeketi pale mlangoni, kwa nyama uliyoiweka juzi katika beseni lile, tumeipokea kwa sababu wewe ni baba yake, ingawa binti yako alikuwa akingoja neno, si nyama.

Pumzika kwa amani, Mwalimu wetu, kazi umeimaliza. Nasi tunawaomba jambo moja tu, wazee kwa vijana, watu wa mgodi watakapokuja tena kuwaomba mnyooshe mikono, wakumbukeni wale wadogo waliolala sakafuni, na jibu lao, bado hatujazaliwa.