Mzee Kope na Kipimo cha Giza

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Kope anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, kumi na minne ya mwisho akiwa mpimaji wa mipigo ya leza ya eksirei. Jina hilo tulimbandika sisi wenzake, maana hakuna mgeni aliyepita hapa bila kuambiwa naye kwamba, ukilinganisha na mpigo wetu, kupepesa kope ni umri mzima.

Kazi yenyewe si mchezo. Kata sekunde moja vipande milioni, na kila kipande ukikate tena vipande bilioni: kimoja cha hivyo ndicho femtosekunde. Mpigo hugonga gesi, elektroni huchomoka, leza ya pili huzisukuma, na kwa jinsi zinavyotawanyika Mzee hujua mpigo ulidumu femtosekunde ngapi. Watafiti fulani walipojigamba kwamba wamepata mpigo wa femtosekunde tano, yeye ndiye aliyewaonyesha kuwa ni wa thelathini. Na mtu huyohuyo alichelewa harusi yake mwenyewe saa mbili nzima! Shemeji yetu hajasahau mpaka leo.

Alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alipima giza: njia ya mwale imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake, skrini inatakiwa iwe tupu. Na ilikuwa tupu, isipokuwa asubuhi moja kila mwaka, tarehe 30 Juni. Mwaka wa kwanza ulitokea mpigo wa femtosekunde arobaini na mbili. Uliofuata, thelathini na tisa. Mafundi walikagua kila waya, wakaambulia patupu. Mpigo ukawa unapungua tatu kila mwaka, naye anauandika katika daftari lenye jalada jeusi. Mwaka jana ulikuwa wa femtosekunde tatu.

Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza: leo ni sifuri. Wiki hizi Mzee wetu amekonda, jamani. Mimi msaidizi wake aliniambia waziwazi kwamba anaogopa. Sifuri ikifika, huenda naye akaishia hapohapo, na mkewe amemsubiri miaka yote hii. Akaniomba leo nipime mimi. Yeye akakaa kwenye stuli nje ya chumba, mikono katikati ya magoti.

Nikabonyeza. Skrini ikaonyesha mpigo. Arobaini na mbili.

Nilipomwambia, alicheka mpaka machozi, akampigia mkewe simu kwamba leo hachelewi. Kisha akauliza ni nani aliyebonyeza. Hapakuwa na mwingine. Akanikabidhi daftari kwa mikono miwili, bila kunitazama usoni.

Asante, Mzee Kope, kwa umakini wako na kwa utani wako. Nenda nyumbani, ukaishi siku ndefu ambazo hakuna wa kuzipima. Ukurasa huu wa jarida letu la kazini ulikuwa umeshafika kwa mchapaji. Nimeomba urudishwe niongeze jambo moja tu. Nami nimepiga hesabu: nitastaafu tarehe 30 Juni, miaka kumi na minne kutoka leo.