Fundi Koili, Aliyejua kwa Nini Mota Huzunguka

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Koili, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili na kitinda mimba wa baba seremala na mama muuza maziwa. Kaka yake, anayewasomea wasifu huu, alimtangulia kwa miaka minne, na hakuchoka kumkumbusha.

Alianza shule mwaka 1959, akaacha darasa la sita baba alipovunjika mguu. Kaka alikuwa ameshaacha. Baada ya hapo waliwahi kusoma kitabu kimoja tu cha fizikia, kisicho na jalada, juu ya meza ya jikoni: kaka akisoma kwa sauti, marehemu akichora. Humo walijifunza kwamba waya wenye umeme ukiwekwa kati ya sumaku husukumwa, na kwamba waya huo ukikunjwa kuwa mduara, yaani koili, upande mmoja husukumwa juu na wa pili chini, ndipo koili ikazunguka.

Mwaka 1973 walifungua karakana ya kusuka mota. Siku hizo mota iliyoungua haikutupwa. Marehemu aliifungua, akahesabu mizunguko ya waya wa zamani, akaiandika kwa penseli ukutani, akasuka upya, akapaka vanishi, akangoja ikauke. Siku hizi ikikaa kimya mara moja tu inakwenda jalalani, na aliyeitupa anajiita fundi. Haya tuyaache.

Tarehe 22 Aprili 1978 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye cherehani yake ya umeme aliitengeneza mara tatu. "Mbili za mwisho haikuwa mbovu," bibi arusi aliwaambia wageni. "Nilichomoa waya mwenyewe."

Mwaka 2008, karakana ikiwa imejaa wateja, kaka alikuwa akieleza kwamba koili ikigeuka hadi uso wake ukaielekea sumaku, nguvu inakufa, ndiyo maana mota moja inahitaji koili nyingi. Marehemu alisema taratibu, "Hapana, kaka. Nguvu ni ileile, ila inavuta nje, haizungushi. Hebu sukuma mlango kuelekea bawaba zake, uone kama utafunguka."

Wateja walicheka. Kaka aliona amevuliwa nguo hadharani. "Kitabu hicho nani alikusomea?" akafoka. "Wewe ni mikono tu. Kichwa niachie mimi."

Marehemu alifuta mikono, akachukua koleo lake, akaenda kufungua karakana uani kwake. Kwa miaka kumi na moja hawakuzungumza ila misibani.

Wiki ileile, kaka alijifungia ndani. Alikunja waya laini, akauweka kati ya sumaku mbili za spika kuukuu, uso ukizielekea, akaupitishia umeme wa betri. Haukuzunguka. Ulitanuka tu, kama tumbo la aliyeshiba. Nguvu ilikuwepo yote. Aliukunjua, akautia mfukoni, asimwambie mtu.

Mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua mwaka 2018. Mwaka uliofuata binti yake, muuguzi, alimpigia kaka simu: "Baba mkubwa, mtanuniana mpaka lini? Anakuulizia." Kaka alifika Ijumaa, tarehe 9 Agosti.

"Ulijaribu ile ya koili?" mgonjwa aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Sijapata nafasi."

"Basi ukijaribu, tumia waya laini. Mgumu hautanuki. Ugumu si unaujua wewe?" Alicheka mpaka akakohoa, na kaka akacheka naye. Waya ule aliojaribia ulikuwa mfukoni mwake. Kaka aliugusa kwa vidole humohumo, akamuaga mdogo wake, akarudi nyumbani.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, binti muuguzi, mwana mwalimu, wajukuu watano na kaka mmoja.

Kaka huyo alidanganya. Alijaribu, miaka kumi na moja iliyopita, na mdogo wake alikuwa sahihi. Wateja mliocheka siku ile, baadhi yenu mko hapa. Marehemu alidharauliwa mbele yenu, basi na hili lisikike mbele yenu. Asiyeamini, akirudi nyumbani ausukume mlango wake kuelekea bawaba, kwa nguvu zake zote. Ndivyo kaka alivyosukuma kwa miaka kumi na moja.

Alale salama Fundi Koili. Mikono ilikuwa yake, na kichwa pia.