Bathsheba Nyanchoka Aegesha Lori Namba Saba

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Bathsheba Nyanchoka atakabidhi funguo za lori namba saba na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka ishirini na saba.

Alianza mwaka 1998 akipakia chai kwenye magunia. Udereva alijifunza wakati wa likizo zake. Siku ya kwanza alipofika na lori kituo cha kukusanyia majani ya chai cha Nyaramba, wakulima walisimama tu na vikapu vyao. Mmoja akamwuliza, "Mama, dereva ameenda wapi?" Akajibu akiwa bado kwenye usukani, "Ndiye mimi, baba. Leteni majani."

Tukio tunalolikumbuka zaidi ni la Aprili 2016. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na mipira ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu ya lori lake ilikuwa imekatika. Jiwe lilirushwa na gurudumu likampiga mdomoni mzee Ochoki, mkulima aliyekuwa nyuma kwa pikipiki. Alianguka na kupoteza meno mawili. Bi. Bathsheba alimkimbiza hospitali, lakini wakulima walikuwa wamekwisha kuamua: lori lile lisionekane tena Nyaramba, wala dereva wake.

Mipira mipya haikuwepo, naye hakuingoja. Kwa ruhusa ya meneja, Jumapili alilipeleka lori nyumbani kwake Birongo, pamoja na kipande cha mkanda uliochakaa wa kusafirishia majani kiwandani. Alikata, akatoboa, akafunga kwa bolti huku mumewe, Nyamongo, akimshikia vyuma. Kisha akalirudisha lori nyuma kidogo kujaribu. Magurudumu yakaikanyaga mipira yote miwili na kuing'oa.

Aliniambia kwamba alilia kidogo, akanywa chai, halafu akapima upya: mifupi zaidi, na mbali kidogo na gurudumu. Safari hii ilishika.

Mzee Ochoki alipopona, Bi. Bathsheba alimwendea na ombi ambalo wengi wetu tungeona aibu kulitoa: amfuate tena nyuma kwa pikipiki, kwenye barabara ile ile. Mzee alikubali, akavaa shati lake jeupe la kanisani makusudi. Walipofika kituoni alishuka, akageuka mbele ya watu wote. Suruali ilikuwa imetapakaa matope ya pikipiki yake mwenyewe, lakini shati halikuwa na tone.

"Lori lirudi," akasema, "na dereva awe huyu huyu."

Kabla ya mwaka kwisha, Bi. Bathsheba alikuwa amefunga mipira kama ile kwenye malori yote kumi na moja. Tangu hapo hatujapokea lalamiko lolote la jiwe. Pia amewafunza madereva sita, wakiwemo Valentine na Edinah, ambao leo hakuna anayewauliza dereva yuko wapi.

Sasa anarudi kwenye parachichi zake, na kwa wajukuu ambao wamemwona zaidi Jumapili kuliko siku nyingine. Bi. Bathsheba, asante kwa kazi, na kwa kwenda kuomba msamaha ukiwa na spana mkononi. Mungu akupe afya, na asubuhi nyingi za kulala hadi jua lichomoze.

Lorna Gesare,
Idara ya Usafirishaji